Samli ya Mama Kwenye Tangi la Dhahabu

Marahaba, vijana wangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini mkianza kusoma mtakumbuka adabu, basi nimeitikia mapema ili tuendelee na kazi.

Haya nayaandika kwa ajili yenu mnaosaga mawe kwa mashine za makarasha huku Sekenke na kule chini kuelekea Shelui. Mnapita hapa kwangu mkiwa na tope mpaka kwenye nyusi, mnaomba maji, na mkishakunywa mnaniuliza, "Babu, eti na wewe ulikuwa mgodini? Ulichimba shimo gani?" Nikiwajibu kwamba sikuchimba hata siku moja, mnatazamana. Mnadhani dhahabu inatoka ardhini. Ni kweli inatoka ardhini, lakini mkononi haifiki mpaka mtu aikoroge, na mimi nilikuwa mkorogaji. Maisha yangu yote ya kazi nilikoroga tope na kupaka mashine mafuta. Nikiambiwa nichague tena leo, nitachagua hiyohiyo, na mshahara nitauuliza baadaye.

Mgodi wetu haukuwa ule mkubwa ambao mashimo yake mnayaona mpaka leo. Ulikuwa mdogo, chini ya mlima, na ulishakufa zamani. Mahali palipokuwa na matangi sasa pana shamba la alizeti. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na vita vya Hitla vilikuwa vinaendelea huko mbali. Kwetu vita vilionekana kwa kukosekana vitu: mafuta ya taa, nguo za amerikani, na grisi. Grisi mtaisikia sana humu, kwa hiyo mzoee jina lake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mawe yalisagwa kwenye kinu mpaka yakawa laini kama unga wa uwele, yakachanganywa na maji na chokaa, tope likapelekwa kwenye matangi ya chuma marefu kuliko nyumba ya Bwana wetu Mzungu. Humo ndani ilitiwa dawa. Dawa ile huyeyusha dhahabu kama maji yanavyoyeyusha chumvi, ila polepole na kwa masharti. Sharti la kwanza, kila chembe ya mchanga iguswe na dawa. La pili, dawa ipate pumzi, ndiyo maana chini ya tangi kulikuwa na bomba la upepo. Katikati ilining'inia shafti ndefu yenye mapanga mwishoni, ikizungushwa na mkanda wa ngozi kutoka kwenye injini. Shafti ile na mapanga yake sisi tuliiita mwiko. Dawa hiyo ni sumu kali, nadhani hilo mnalijua, ingawa nikiona mnavyoishika kwa mikono mitupu siku hizi nakosa usingizi.

Aliyenifundisha ni Mzee Mkumbo, msimamizi wa tangi la mwisho. Alikuwa mfupi, mwenye koti zito la askari alilorudi nalo kutoka vita vya kwanza, na hakulivua hata jua la saa nane. Ukimwuliza kama haoni joto alikujibu, "Joto linanijua." Siku yangu ya kwanza hakunionyesha mashine yoyote. Alitoa gunzi la hindi mfukoni, akalitupa ndani ya tangi, akaniambia nipande ngazi nitazame.

"Unaona nini?"

"Naona gunzi linazunguka, mzee."

"Na nini tena?"

"Linazunguka sana."

"Mkeo akikupikia ugali kwa kuzungusha mwiko namna hiyo, utakula?"

Sikuwa na mke wakati ule, na nilikuwa na njaa, nikamwambia nitakula. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza jambo ambalo nimelibeba mpaka uzee huu. Tope lile lilikuwa linazunguka lote pamoja. Watu walio kwenye lori moja wanatoka Shelui mpaka Singida, mwendo mrefu huo, vumbi tele, lakini aliyekaa karibu na mnuka jasho anafika akiwa karibu na mnuka jasho yuleyule. Hakuna aliyechanganyika na mwenzake. Ndivyo tope lilivyokuwa: chembe zilizoanza pamoja zilizunguka pamoja, na dawa iliyokuwa mbali nazo ilibaki mbali. Ukitazama kwa juu unaona kazi kubwa inafanyika, na kumbe hakuna kitu.

Msidhani Mzee Mkumbo ndiye aliyelitibu hilo. Lilitibiwa na Bwana Injinia, Mwingereza mmoja mrefu ambaye sisi tulimwita Bwana Pole, kwa sababu alitembea polepole, akala polepole, na hata akikasirika alikasirika polepole. Siku moja alikuja na vibao vya mninga akaamuru visimamishwe kwenye ukuta wa tangi, kwa ndani, vikitokeza kama mbavu. Sisi tulinung'unika. Mzee Mkumbo alinung'unika kuliko wote. "Mtu anaweka mawe barabarani halafu anataka lori liende," alisema. Tangi lilipowashwa, Mzee alitupa gunzi lake. Lilizunguka kidogo, likagonga ubao, likazama. Tukangoja. Likaibuka upande wa pili kabisa, likazama tena, likaibuka katikati. Mzee Mkumbo akavua kofia yake, akamwangalia Bwana Pole, akaivaa tena. Hiyo kwake ilikuwa hotuba ndefu.

Baadaye nilipooa nilimtazama mke wangu akisonga ugali, nikaona kwamba hata yeye hazungushi tu. Anabana kwenye ukuta wa chungu, anageuza, anaukunja wa chini unakuja juu. Nilimweleza habari za vibao vya mninga na gunzi la Mzee Mkumbo kwa furaha kubwa. Akaniuliza kama nitakula au nitaendelea kuuhutubia ugali.

Sasa mafuta. Juu ya tangi, pale shafti ilipopita kwenye boriti, palikuwa na beringi kubwa na gia zake, na hapo ndipo mimi nilipoanzia. Kupaka mafuta kunadharauliwa sana. Watu wanafikiri ukishajaza umemaliza. Hata mimi mwanzoni nilijaza beringi mpaka grisi ikatoka masikioni, nikasimama pembeni nikijiona fundi. Haikuchukua muda beringi ikawa ya moto, huwezi kuigusa. Akaja Fundi Harbans, Kalasinga aliyekuwa mkuu wa mashine, mtu mwenye mikono kama majembe na sauti ndogo kama ya bibi harusi. Aliifungua beringi, akachota grisi nusu nzima akaitoa.

"Hii gololi nataka teleza," aliniambia. "Hapana taka ogelea. Kama naogelea, nachoka, nachemka."

Kumbe mafuta yanayofanya kazi ni ule utando mwembamba unaokaa kati ya chuma na chuma visigusane. Yaliyozidi yanasukumwasukumwa tu, yanapata joto, yanaharibika. Basi nikajifunza kutia kidogo na kutia mara kwa mara. Nikajifunza kusugua grisi kati ya kidole gumba na cha shahada nione kama ina mchanga. Nikajifunza kuweka ncha ya kijiti kwenye beringi na ncha nyingine sikioni; beringi nzima inanguruma kwa raha kama paka aliyeshiba, na beringi mbovu unasikia mtu anatafuna karanga.

Lakini amri kubwa kuliko zote ilikuwa moja: mafuta yakae juu, tope likae chini, visikutane kamwe. Chini ya beringi tulifunga sahani ya bati ya kukinga matone, na Mzee Mkumbo aliikagua kila asubuhi kabla hajasalimia mtu. Mafuta yakiingia kwenye tope hung'ang'ania chembe laini za dhahabu, yakaziinua, dawa isizifikie. Juu ya amri hiyo ilikuwepo nyingine ndogo, nayo ilikuwa hii: kitu chochote kilichotoka ndani ya tangi kisimwagwe mpaka Bwana akione. Mziweke hizo mbili kichwani, maana nakuja kwenye habari ya mama.

Mama yangu aliitwa Mama Gunda. Gunda ndiye kaka yangu mkubwa. Alikwenda mkonge Tanga, na lori lililomchukua lilimpeleka kweli, lakini habari zake hazikurudi na lori lolote. Kila aliyemwita mama alimtajia mwanawe huyo: kisimani Mama Gunda, kanisani Mama Gunda, mwenye kuomba chumvi Mama Gunda. Nilikuwa namwona akiitika kila mara, na kabla ya kuitika anangoja kidogo.

Vita vilipozidi, serikali ilitaka watu wengi zaidi mkongeni, na safari hii haikuwa hiari. Jumbe alikuwa anapita vijijini akiwataja vijana. Mwenye kazi ya kudumu mgodini aliachwa. Kibarua kama mimi alikuwa halali yao. Nilimwomba Bwana Pole anipe kazi ya kudumu kwenye tangi, naye akafikiri polepole, kama kawaida yake, akasema shafti ya tangi la mwisho imelika, Fundi Harbans anatengeneza nyingine; nitasimamia tangi hilo na Mzee Mkumbo tangu mwiko mpya unapoanza mpaka tope lile liive, yaani dhahabu yake iyeyuke yote. Likiiva vizuri, nabaki. Likiharibika, hana la kunisaidia. Lori la kuwabeba vijana lilikuwa linatazamiwa Shelui karibuni.

Nilimwambia mama maneno hayo jioni, nikiwa na furaha, nikamwambia kila kitu kinategemea mwiko mpya. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Kwa mama yangu, kitu kipya hakikuanza kazi kikiwa kikavu. Jembe jipya, mlango mpya, mtoto mchanga, vyote alivipaka samli kwanza, akivisemesha. Alikuwa Mkristo wa kila Jumapili, na alivipaka samli vilevile. Kumpaka mtu au kitu ni kukiambia kwamba kimefika kwao, kitulie. Sasa mtu huyo ameambiwa kwamba mwanawe wa pili anashikiliwa na mwiko mpya wa chuma. Mlitaka afanye nini?

Siku ile mwiko ulipoanza, alileta chakula cha mchana mwenyewe. Mimi nilikuwa ghalani nabeba chokaa. Alimkuta Mzee Mkumbo, akamsalimu, akamwonyesha kibuyu chake. Mzee alielewa mara moja, maana hata nyumbani kwake ilikuwa hivyohivyo. Akawaza kwamba kupaka kidogo kwenye shafti, huku juu, karibu na beringi, hakuna ubaya. Akamwacha apande ngazi, naye akageuka akampa mgongo, kwa heshima, kwa sababu mama anapomwombea mwanawe mwanamume hakodoi macho.

Mama akaupaka mwiko. Akausemesha. Halafu akaona kwamba amepaka mti wa mwiko lakini tumbo la tangi limebaki na njaa. Akakiinamisha kile kibuyu akamimina samli yote ndani ya tangi. Kilikuwa kibuyu kikubwa, cha arusi.

Niliporudi na chokaa niliona kitu cheupe kinachungulia kwenye ukingo wa tangi. Nilidhani mtu ameanika shuka. Shuka likainuka. Samli ikikutana na chokaa na kupigwa na upepo inakuwa kama sabuni, na bomba letu la upepo lilikuwa linapuliza kwa nguvu zote. Povu lilivimba, likamwagika pembeni, kijivu, zito, likaanza kuteremka kwenye mtaro. Na mtaro ule ulipita chini ya seng'enge kwenda mahali mbuzi wa kijiji walipozoea kunywa.

"Mzee! Tangi linachemka!"

Mzee Mkumbo aligeuka, akanusa, akamtazama mama, akatazama kibuyu kitupu. "Mama Gunda," alisema taratibu, "umemimina?"

"Nimemnywesha," mama akasema. Alikuwa bado anatabasamu, masikini.

Sasa sikilizeni ugumu wa jambo lenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Tukiacha upepo na mwiko viendelee, povu litamwaga dhahabu na sumu mtaroni. Tukisimamisha vyote, mchanga utatua chini, utaushika mwiko kama saruji, na tangi lile litachimbuliwa kwa sururu. Vyovyote vile, mimi naenda Tanga.

Fundi Harbans alikuja mbio kilemba kikiwa kimelegea. Hakuuliza nani wala kwa nini. Aliufunga upepo, akahamisha mkanda kwenye gurudumu lingine ili mwiko uende polepole, wa kutosha tu mchanga usilale. Povu likapungua kuinuka lakini lililokwisha kuinuka likabaki limesimama pale, linatetemeka. Mimi nilichukua koleo nikaziba mtaro kwa udongo, na vibarua wengine wakanisaidia mpaka likawa tuta. Mama alipoambiwa kwamba ile ni sumu, alipiga yowe moja, akajifunga kanga, akakimbia upande wa mbuzi. Tulimsikia huko akiwafukuza kwa mawe na kwa majina ya wenye mbuzi wao. Hakuna mbuzi aliyefika kwenye maji siku ile.

Ikabaki kuliondoa povu. Tulifunga madebe kwenye miti mirefu tukalichota kutoka juu ya ngazi, tukijikinga uso kwa magunia. Mzee Mkumbo alikuwa ametahayari sana. Mtu mzima, msimamizi, amepumbazwa na kibuyu. Akaniambia, "Msengi, chimba shimo, tulizike kabla Bwana hajatoka chakulani."

Nilimpenda mzee yule, na niliogopa lori kuliko yeye. Lakini amri ilikuwa yake mwenyewe, alinifundisha yeye.

"Mzee," nikamwambia, "kilichotoka kwenye tangi hakimwagwi mpaka Bwana akione."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kwa fimbo yake. Kisha akaangua kicheko, hapohapo katikati ya balaa. "Haya, lete mapipa," akasema. "Nimekufundisha vibaya, umeelewa vizuri."

Bwana Pole alipofika alikuta mapipa yamepangwa, yamejaa povu lililoanza kuanguka na kuwa ute mweusi. Alizunguka tangi. Alitazama tuta. Akauliza, bila haraka, "Nani naweka mafuta ndani ya tangi?"

Mzee Mkumbo akafungua mdomo, nami nikafungua wangu, lakini mama alikuwa amekwisha kurudi kutoka kwa mbuzi, vumbi mpaka magotini, akasogea mbele.

"Ni mimi, Bwana. Mama Gunda."

"Kwa nini?"

"Mwanangu wa kwanza alikwenda mkonge, hajarudi. Huyu umesema anashikwa na mwiko wako. Nikamwomba mwiko amshike vizuri."

Bwana hakuelewa samli inaingiaje. Fundi Harbans ndiye aliyemweleza, kwa Kiingereza chao, kisha akamgeukia mama kwa ile sauti yake ndogo. "Mama, hata kwetu, mtu mpya nakuja, mama yangu namwaga mafuta mlangoni. Vizuri sana. Lakini mlangoni, mama. Hapana mwaga ndani ya sufuria."

Mama akaitikia kwa kichwa. Jambo hilo alilielewa kabisa. Kwake lilikuwa la mlango na sufuria.

Bwana Pole alichota ute ule kwenye sahani nyeupe ya bati, akauosha kwa maji, akauzungusha, akaosha tena. Tulisogea sote. Pembeni mwa sahani ukabaki mchirizi mwembamba wa njano. Akautazama muda mrefu, hata kwa kipimo chake. Akasema kwamba povu limebeba dhahabu, na kwamba huko ng'ambo kuna watu wanatengeneza povu la namna hii makusudi, kwa mafuta yao maalumu, ili kukusanya madini. Wala si samli, akaongeza. Kisha akauliza nani aliyesema povu liwekwe kwenye mapipa.

Mzee Mkumbo akaninyooshea kidevu.

Niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshaanza kuaga kila kitu moyoni: mlima, tangi, hata koti la Mzee Mkumbo. Bwana akanikabidhi ile sahani. "Wewe nakaa hapa," akasema. "Kudumu." Halafu akamwonyesha mama juu, kule kwenye boriti. "Na mama kama nataka leta mafuta, naleta. Lakini ile pale. Juu."

Tope lile tuliliivisha bila upepo mwingi, polepole, tukilichungulia kama mtoto mwenye surua, na liliiva. Ute wa yale mapipa ulichomwa na kuoshwa, na dhahabu yake ikarudi mahali pake. Na kwa sababu grisi ya ng'ambo ilikuwa haionekani, Fundi Harbans alimshika mama kwa neno la Bwana. Samli aliikataa, alisema inachacha na kula shaba. Alitaka mafuta ya mkia wa kondoo. Aliyachemsha mpaka maji yakaisha, akayachuja kwenye kitambaa, akapaka mkanda wa ngozi usikauke na gia zisilie. Mpaka vita vinakwisha, mashine ya Mwingereza ilikuwa inateleza kwa mikia ya kondoo wa Iramba, na mama ndiye aliyekuwa anachagua kondoo.

Nimefanya kazi pale mpaka mgodi ulipofungwa, nikaendelea kwingine mpaka nikachoka. Nimeona mapampu ya kila aina, na grisi za rangi zote. Mkija kwangu nitawafundisha bure, mradi mlete gunzi lenu wenyewe. Gunda naye alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na mke wa Kibondei anayetucheka mpaka leo tunavyosema Kiswahili.

Lakini nirudi nyuma kidogo, siku lori lilipofika. Lilipita kwenye barabara ya chini ya mgodi, limejaa vijana, wengine tulikulia pamoja, na kutoka juu ya ngazi niliwaona wakipunga mikono. Nilipunga nami. Mama alikuwa ameleta mafuta ya kondoo siku hiyo. Alipanda ngazi akasimama kando yangu akalitazama lile lori mpaka vumbi likatulia. Nikafikiri anamwaza Gunda, na bila shaka alikuwa anamwaza.

Kisha akauinua mkono wake wenye mafuta, akaugusisha kwenye shafti taratibu, juu kabisa, pale alipoonyeshwa, shafti ikizunguka chini ya kiganja chake.

"Zunguka, baba," aliiambia. "Zunguka hapahapa."